Mlinganyo wa Jiwe

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa sababu mtu akija kuniuliza, "Mwalimu, una uhakika?" nataka nimjibu kwa tarehe, nisibabaike. Jana jioni jiwe lilipiga bati letu. Leo jioni limepiga jingine. La jana nilimwita mume wangu kwa sauti yote, halafu nikajiambia ni ndege kaangusha kitu. Ndege gani huyo anayerudi kesho yake wakati ule ule?

Nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Pa! Halafu krrrr, mpaka mwisho wa paa. Nyumba yetu haina dari, kwa hiyo kitu kikianguka juu ni kama kimekuangukia kichwani. Nilipiga kelele, "Mume wangu! Mume wangu, uko wapi?" Akaja mbio kutoka uani, tochi mkononi, akazunguka nyumba nzima, akarudi anahema.

"Hakuna mtu, Mwalimu. Nimeangalia kote."

Hata nyumbani ananiita Mwalimu. Nilishindwa kula. Yeye alikula vizuri tu.

Jumanne, 4 Machi

Kimya. Nimemuuliza muuza mkaa kama jana alimwona mtu kwenye kichochoro chetu. Akasema hakumwona. Alisema haraka mno.

Alhamisi, 6 Machi

Jana jioni, jiwe la tatu. Mtu ana ugomvi na mimi, na anataka nijue.

Nimeanza na wanafunzi. Muhula uliopita nusu ya kidato cha tatu walipata alama za aibu, na lile kundi la nyuma huwa linacheka nikigeukia ubao. Leo asubuhi niliwakagua mikono kwa kisingizio cha usafi. Mikono safi, yote. Darasa zima la watoto wenye mikono safi! Hilo nalo linanitia wasiwasi.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu aliazima ngazi ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yetu Mama Pacha, akapanda juu. Ameshuka na mawe matatu, saizi ya yai, yote yalikuwa kwenye gata, ule mfereji wa maji ya mvua, upande wa nyuma. Juu kwenyewe hakukawia kuangalia, alisema bati linateleza. Paa letu lina mteremko mmoja tu: limeinuka upande wa uani, limelala upande wa nyuma, na huko nyuma ndiko gata iliko.

Nimeyaweka dirishani. Mume wangu ameuliza nayafuga ya nini. "Ushahidi," nilimwambia. Akacheka kidogo, akaenda zake nyuma ya tangi la maji kufungia kuku. Tangu kampuni imwachishe udereva wa malori mwaka jana, kuku ndio abiria wake.

Jumatatu, 10 Machi

Ng'ambo ya ukuta wa uani wanakaa wapangaji wawili na mapacha wao. Mume anatengeneza majokofu, mtaa mzima unamwita Fundi Friji. Mke ndiye Mama Pacha, rafiki yangu, mtu wa kuazimana chumvi na kusukana nywele Jumapili. Na mimi simsemi Mama Pacha. Namsema mumewe.

Mwaka jana nilimshtaki kwa mwenye nyumba wao, kwa sababu ya kugonga vyuma tangu asubuhi mpaka jioni mimi nikisahihisha, na yale maji ya kuoshea majokofu yanayopenya chini ya ukuta na kuingia uani kwangu. Alikaripiwa. Hakusema kitu. Mtu asiyesema kitu ameweka wapi hasira yake?

Leo asubuhi nimepita mbele ya karakana yake. Ameniamkia vizuri, na tabasamu juu. Kwa nini leo?

Jumanne, 11 Machi

Nimeanza parabola na kidato cha tatu. Niliwaambia: ukinipa kipeo chake, yaani pale juu kabisa inapogeukia, na ukinipa nukta moja tu nyingine inayopita, haina pa kunikimbilia. Unaandika y = a(x − h)² + k. Kipeo kinaingia kwenye h na k. Nukta inaingia kwenye x na y. Kinachobaki ni a, na a haina ujanja.

Kundi la nyuma leo halikucheka. Wananinyemelea.

Ijumaa, 14 Machi

NIMELIONA. Nimeliona kwa macho yangu!

Nilikuwa jikoni. Jiko letu limejitenga na nyumba, liko ubavuni mwa uani, na dirisha lake liko juu sana: ukisimama unaona anga, waya wa simu uliokufa zamani, na ncha ya paa, basi. Nilikuwa nakuna sufuria nikainua macho. Jiwe likatokea upande wa ukuta, likapanda, likafika usawa wa waya, likawa kama limetulia kidogo, likaanza kushuka kuelekea nyumba. Likapita ukingo wa dirisha, sikuliona tena. Halafu pa! Na krrrr.

"Mume wangu!"

Alikuja. Alinishika mabega, akaniketisha, akaniletea maji, akakaa na mimi mpaka moyo ukatulia. Tulizungumza mambo mengi ambayo hatujazungumza siku nyingi. Ni mwanaume mwema, niseme ukweli, ila katika mambo ya ulinzi hafai kitu. Kila siku yuko uani na kila siku haoni mtu.

Lakini mimi sasa nina kipeo.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui kwa nini sikufikiri mapema. Miaka yote hii nafundisha watoto kuhusu mpira na mkuki, na kumbe kitu chenyewe kinaruka juu ya kichwa changu.

Asubuhi nilimwita mume wangu nikampa ncha ya tepu. "Shika hapo ukutani, usiachie."

"Tunapima nini, Mwalimu?"

"Tunapima mtu."

Alishika. Nikaanza kuhesabu kutoka ukutani kwenda nyumbani. Ukuta ni sifuri. Waya uko mita nane kutoka ukutani. Kimo chake kutoka chini, nilimwambia asimamishe ufito mpaka uguse waya, tukaulaza chini tukaupima: mita sita. Kwa hiyo kipeo ni (8, 6). Halafu nukta. Mawe yote yalikutwa kwenye gata ya nyuma, na gata iko mita kumi na sita kutoka ukutani, juu mita tatu. Nukta ni (16, 3).

"Achana na haya mahesabu," alisema mume wangu. Jasho lilikuwa linamtoka na jua lilikuwa halijakaza. "Watoto wa mtaani tu hao. Watachoka."

"Wewe shika tepu."

Nilikaa mezani. 3 = a(16 − 8)² + 6. Kwa hiyo 64a = −3, na a = −3/64. Mtu akirusha jiwe linamtoka usawa wa bega, tuseme mita moja na nusu. Nikaweka 1.5 mahali pa y. (x − 8)² = 96. Majibu yanakuja mawili kama kawaida. Moja liko nyuma ya nyumba, jiwe lilikokuwa linakwenda; hilo nikalitupa. La pili ni lile lilikotoka, nalo ni hasi moja nukta nane.

Hasi! Yaani ng'ambo ya ukuta, karibu mita mbili ndani ya uani wa jirani.

Nikapanda juu ya ndoo nikachungulia. Mita mbili kutoka ukutani, chini ya kibanda cha mabati, ndipo ilipo meza ya kazi ya Fundi Friji. Pale pale! Nilishuka kwenye ndoo na hasira, na furaha pia, sikatai. Nimemwambia mume wangu. Alinikodolea macho kama mtu aliyeambiwa ameshinda mchezo ambao hakuucheza.

"Una uhakika?" aliniuliza.

Nilimwonyesha karatasi. Aliitazama muda mrefu sana, na yeye hesabu za aina hii hazijui. Halafu akasema, "Basi sawa," akaenda kwa kuku wake.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na karatasi yangu. Ameigeuza juu chini, chini juu, akasema, "Mwalimu, mimi hapa naona namba." Nimemweleza taratibu. Akaona ni jambo zito. Akampigia simu mwenye nyumba wa akina Fundi, na yule mzee, ambaye amechoshwa na malalamiko juu ya wapangaji hao, alisema kwa sauti niliyoisikia mpaka mimi: baraza likiona wana hatia, mwisho wa mwezi ujao watoke, na majokofu yao.

Mama Pacha nitamweleza nini? Lakini bati ni langu na kichwa kilicho chini yake ni changu.

Jumatano, 19 Machi

Mama Pacha amekuja. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Dada, nimeambiwa mume wangu anawarushia mawe."

"Sijasema nimemwona."

"Umesema nini basi?"

"Nimesema jiwe limetoka mezani kwake."

"Jiwe limekwambia?" Akanikazia macho. "Yule mtu akimaliza kazi mgongo unamuuma hata mapacha hawezi kuwabeba. Na akitaka kukutukana anao mdomo. Sisi tukitolewa pale, wateja wake wote ni wa mtaa huu. Tutaanza wapi?"

Nilimwambia hesabu haina urafiki. Nilijisikia mkubwa niliposema hivyo. Ameondoka bila kuaga. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda anafunga kamba za viatu. Amezifunga, amezifungua, amezifunga tena.

Jumapili, 23 Machi

Wiki nzima hakuna jiwe. Ameogopa, Fundi. Si nilisema?

Leo nimesahihisha tangu asubuhi. Mume wangu alipika, akatenga, tukala. Sikumbuki alisema nini.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua zimeanza, kidogo kidogo. Na jiwe limerudi, manyunyu yalipokatika tu. "Mume wangu!" Mbio, tochi, maji ya kunywa, mkono begani. Nimemwambia, "Bila wewe ningeshakufa kwa woga." Akainamisha kichwa.

Mama Pacha amepiga kelele ng'ambo ya ukuta, makusudi nisikie: "Na leo nani? Mwenyewe kaenda kwa mteja tangu mchana!" Kwani yeye hana mikono? Nyumba ile ina watu wazima wawili.

Alhamisi, 27 Machi

Baraza ni Jumamosi ya tarehe 5. Mwenyekiti amesema nije na karatasi yangu, lakini niandike kwa herufi kubwa.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Watu wawili leo wamenipita njiani bila kunisalimia. Mmoja ni mteja wa Fundi. Mwingine nitamchunguza.

Jumatatu, 31 Machi

Nimewapa kidato cha tatu mtihani mfupi. Swali la mwisho nimeliwekea mtego na ninajivunia: mchezaji anapiga mpira, mpira unafika kipeo, unatua, halafu unabiringika na kusimama mbele zaidi. Nimewapa umbali wote, wa ulipotua na wa uliposimama. Nione nani yuko macho.

Mume wangu ameniuliza kama lazima niende barazani. Nimemuuliza kama lazima mawe yaje.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kubwa tangu adhuhuri, bati linapiga kelele mpaka huwezi kujisikia ukikohoa. Nilikaa sebuleni na mitihani. Nusu ya darasa wameanguka kwenye mtego! Wamechukua mahali mpira uliposimama. Niliandika kwa kalamu nyekundu, karatasi moja baada ya nyingine: "Hapa mpira hauruki tena! Nukta hii haiko kwenye parabola!" Ya kumi hivi niliiandika kwa hasira mpaka karatasi ikachanika. Watoto gani hawa, wanaona kitu kimelala chini wanadhani ndipo kilipoangukia?

Tone likaanguka juu ya karatasi.

Nikasogeza kiti. Tone jingine. Nikainua macho. Maji yalikuwa yanavuja karibu na ukuta wa mbele, huku upande wa uani, paa lilikoinuka. Siyo sehemu moja: tatu, nne, zimekusanyika mahali pamoja, kama mtu aliyechagua. Nikaenda kutafuta beseni huku nalaumu kutu. Nikaliweka. Nikakaa. Na hapo ndipo nilipoikumbuka ile sauti.

Pa, halafu krrrr. Kila siku pa, halafu krrrr. Kitu kilichoangukia ndani ya gata kingeanzaje kubiringika mpaka kwenye gata?

Mawe hayakutua nyuma. Yalitua hapa, juu ya kichwa changu, yakatoboa bati bovu, yakabiringika na mteremko mpaka gata, yakasimama. Na mimi nikachukua mahali yaliposimama. Mwalimu mzima! Mtego niliowatega watoto wa watu nimo ndani yake tangu katikati ya Machi, na nimemwingiza na jirani yangu.

Mvua ilipopungua nilitoka na tepu, peke yangu, nikaifungia jiwe ili ikae. Mahali panapovuja ni mita kumi na mbili kutoka ukutani. Bati hapo liko juu mita nne. Kipeo hakikubadilika, kile nilikiona. Nukta ni (12, 4).

4 = a(12 − 8)² + 6. 16a = −2. a = −1/8.

Usawa wa bega, 1.5. (x − 8)² = 36. Mzizi wake sita kamili, hata desimali hakuna. Nane toa sita.

Mbili.

Chanya mbili. Huku kwetu. Mita mbili kabla ya ukuta, nyuma ya tangi, penye banda la kuku.

Nimerudia mara nyingi sana. Nimebadilisha bega, nimemfanya mtu mrefu, nimemfanya mfupi. Anasogea kidogo mbele, anasogea kidogo nyuma. Ukuta hauvuki.

Mume wangu alirudi kutoka dukani akaniuliza kwa nini nimelowa. Nilimwambia nilikuwa naanua nguo. Hakuna nguo iliyokuwa nje.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikufundisha vizuri leo. Nilikuwa namfikiria yeye tu. Kila siku uani. Kila siku anakuja kutoka upande ule ule. Siku ya kupanda ngazi hakukawia juu. Siku ya tepu jasho. Wasiwasi niliomgawia muuza mkaa, watoto, Fundi, Mama Pacha, wote ulirudi nyumbani siku moja ukakaa kwenye kiti chake.

Niliporudi alikuwa bandani. Nilisimama mbele yake na tepu.

"Mume wangu, hapo ulipo ni mita mbili kutoka ukutani."

Aliitazama tepu. Hakuniuliza ninapima nini.

"Ni wewe," nilisema. "Nikatalie. Niambie nimekosea tena, nitakushukuru mpaka kufa."

Alikaa chini, pale pale kwenye matope.

"La kwanza halikuwa kusudi," alisema. "Mwewe alikuwa anazunguka juu ya vifaranga, nikamrushia. Likampita, likaangukia nyumba. Nikasikia unaniita. 'Mume wangu, uko wapi?' Mwalimu, mimi nakaa humu ndani mwaka sasa. Unaingia, unaweka mkoba, unafungua madaftari. Nikikuuliza umeshindaje unasema 'salama' na kichwa hukiinui. Siku ile uliniita mpaka sauti ikakatika. Nilikimbia kama kijana. Kesho yake nikasema nirushe moja tu tena."

"Moja tu!"

"Ndiyo nilivyosema kila mara."

"Na Fundi? Ulishika tepu, ukaniacha nihesabu, ukaniacha niende kwa mwenyekiti!"

"Nilijua umenikamata." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Wewe hukoseagi. Nilishika ile tepu nikijua mwisho wangu umefika, na nilikuwa radhi. Halafu ukasema hasi. Ukasema Fundi. Nikakuuliza una uhakika, ukanionyesha karatasi. Nikaogopa, nikanyamaza. Nikajiambia nimepona."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nilimwambia Jumamosi nitasimama niseme nilivyokosea, na yeye atasimama aseme alivyofanya.

"Mtaa mzima utanicheka."

"Fundi nusu ya wateja wamemkimbia. Wewe utachekwa tu."

Alijifuta matope, akafungia kuku. Leo analala sebuleni, chini ya matundu yake mwenyewe.

Ijumaa, 4 Aprili

Hatujasemeshana. Nimemsikia usiku anamwaga beseni.

Jumamosi, 5 Aprili

Baraza lilikuwa kwenye veranda ya mwenyekiti kwa ajili ya mvua. Mwenye nyumba alikuja na koti la plastiki. Fundi Friji alivaa shati la kupigwa pasi. Mama Pacha alikaa kando yake, mapacha wamemlalia magotini, na hakuniangalia. Mume wangu alikaa nyuma kabisa karibu na ngazi, mahali pa mtu anayetaka kuondoka kabla ya wengine.

Njia nzima nilikuwa nawaza: asiposimama, nitamtaja? Nitamficha? Ningependa kuandika kwamba nilijua. Sikujua.

Nilisimama. Nikasema, "Nilikosea nukta." Nikaeleza habari ya jiwe kutua na jiwe kusimama, ya mteremko, ya mvua na beseni. Nilipofika kwenye a, mwenye nyumba alinikata.

"Mwalimu, kwa maneno ya kueleweka. Ni yeye au siye?"

"Siye. Hakuwahi. Nimemsingizia, na ninamwomba radhi mbele yenu wote."

Watu wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti akagonga meza. "Basi nani?"

Sikugeuka. Nilitazama mvua ikimwagika kwenye ukingo wa veranda. Mwenyekiti akarudia, "Mwalimu, kama hesabu yako inajua kwamba siye huyu, inamjua aliyerusha." Nikaikunja karatasi. Nilifungua mdomo, na Mungu ndiye anayejua ningesema nini.

"Ni mimi."

Mume wangu alikuwa amesimama, kofia mkononi. Alisema yote, hata habari ya mwewe, hata habari ya kuitwa. Alikwama hapa na pale lakini alifika mwisho. Mtu mmoja akaangua kicheko, wengine wakamfuata. "Anajipiga mawe mwenyewe!" Mwenyekiti naye alikuwa anajizuia, ndevu zinamcheza.

Fundi Friji hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Mimi nimechekwa wiki hizi zote bila kosa," alisema, "na hakuna aliyegonga meza." Akamgeukia mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameshaanza kusema kwamba basi, wapangaji wabaki, yaishe. "Hapana, mzee. Nimeshapata pa kwenda. Watu walikuja kuchukua majokofu yao usiku usiku kana kwamba nitayarushia mawe. Sitakaa tena mahali ambapo jirani ananipima kwa tepu."

Mume wangu alimfuata mpaka kwenye matope kumwomba msamaha. Fundi alimpa mkono. Mimi hakunipa.

Jumanne, 8 Aprili

Lori limekuja asubuhi. Sikwenda shule, nilikwenda kusaidia kubeba. Mama Pacha alinipokonya godoro mikononi, taratibu, kama unavyompokonya mtoto kisu.

"Acha, Dada."

"Nisamehe, mwenzangu. Nilikosea hesabu."

"Hesabu ilinikosea nini mimi?" Alikuwa analia kwa hasira. "Tumesukana nywele kila Jumapili. Kichwa changu kilikuwa magotini mwako. Ungeniuliza. Ungesema tu, 'Mama Pacha, ni nyinyi?' Ningekwambia hapana, na ungejua nasema kweli. Hukuniuliza hata mara moja. Uliuliza tepu."

Nilirudi nyuma, wakamaliza kupakia. Lori liliondoka, jokofu moja mlango umefunguka unapigapiga njia nzima.

Ijumaa, 11 Aprili

Ng'ambo ya ukuta kimya. Nimesahihisha mitihani yote bila kelele hata moja, na imenichukua muda mara mbili.

Jumatatu, 21 Aprili

Fundi bati amekuja, ameziba. Mume wangu amerudi kulala chumbani. Tunaongea. Nikiingia nyumbani nafunga mkoba, nakaa naye jikoni, namuuliza kuku wameshindaje na yeye ameshindaje, nainua kichwa kabisa. Ameanza kutafuta kazi ya kuendesha gari la shule. Ukituona utasema watu hawa wanapendana, na hutakuwa umesema uongo.

Leo giza lilipoanza kuingia alitoka kwenda bandani. Nilikuwa mezani na kalamu. Nilikaa kidogo, nikaona siwezi.

"Mume wangu!"

"Naam!" Alikuja haraka, amefurahi, mikono imejaa pumba. "Umeniita?"

"Nimekuita."

"Unataka nini, mke wangu?"

Nilimtazama mikono, yote miwili.

"Nataka tu kujua uko wapi," nilimwambia.

Alicheka, akarudi kwa kuku. Mimi sikucheka. Nilihesabu mpaka kumi, nikamwita tena.